Muulize Fundi: Kamba na mchicha uani

Katika toleo lililopita niligusia tu, mwishoni mwa habari za mabomba yanayovuja, kwamba uani kwangu Mshomoroni nafuga kamba wa maji baridi na maji yao yanakuza mchicha anaouza mke wangu mlangoni. Mabomba hayakuulizwa na mtu. Barua zote ni za kamba. Basi mwezi huu nayaweka kando mabomba, ingawa ndiyo yaliyonilisha miaka yote niliyofanya kazi kwenye hoteli za Nyali na Bamburi.

Kwa aliyekosa toleo hilo: akwaponiki ni mpango wa kufuga na kupanda kwa maji yaleyale. Pampu huyatoa maji kwenye tangi la samaki au kamba na kuyapeleka kwenye kitanda cha kokoto chenye mboga. Kinyesi cha wanyama hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria wanaoishi kwenye kokoto huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo ni chakula cha mboga. Mizizi ikishakula, maji hurudi tangini. Udongo hakuna, na maji yanayopungua ni yale yanayopaa kwa jua na kupitia majani.

*Fundi, nimepata tangi la plastiki la lita 1,000, yale yenye kizimba cha chuma. Nataka kuweka kamba 300 na kupanda mboga paa zima la nyumba. Nitatoa kilo ngapi? — Kijana wa Mikindani*

Mwanangu, kabla ya kilo: tangi hilo lilibeba nini? Mengi ya aina hiyo huwa yamebeba kemikali za viwandani. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni, au kama ukilifungua unasikia harufu isiyokuwa ya mafuta ya kupikia wala ya sharubati, liwekee maji ya kufua nguo, usile kitu kilichotoka humo.

Sasa hesabu. Wewe unahesabu lita kwa sababu umesoma habari za tilapia. Tilapia huogelea juu, kati na chini, kwa hivyo lita zina maana kwake. Kamba haishi katikati ya maji. Anakaa chini, anatembea chini, anapigania chini. Ni kama chumba cha kupanga Majengo: dari likiwa refu haliongezi nafasi ya kitanda. Tangi lako lina sakafu ya mita moja kwa mita moja na kidogo, yaani karibu mita mraba 1.2. Wafugaji wa mabwawa huweka wachanga kati ya 4 na 20 kwa kila mita mraba, na anayetaka kamba wakubwa hukaa karibu na ule upande wa 4. Tuseme umejitahidi ukaweka 10 kwa mita. Hao ni kamba 12. Wakifika gramu 40 kila mmoja, baada ya miezi minne hadi sita ya kulishwa vizuri, una nusu kilo kasoro. Kijana, hiyo ni sahani ya watu wawili.

Na mboga je? Kamba 12 wenye uzito huo hula chakula kama gramu 14 kwa siku. Mboga za majani huhitaji wanyama wanaokula kati ya gramu 40 na 50 za chakula kila siku kwa kila mita mraba ya kitanda. Kamba wako hawatoshi kulisha hata nusu mita ya mchicha. Paa zima lisahau.

Simwambii mtu aache. Nakwambia ujue nani anafanya kazi gani. Kwangu mimi anayekuza mboga ni tilapia, walio katika tangi lao wenyewe. Tilapia 20 wa robo kilo hula karibu gramu 100 kwa siku, na hao wanalisha mita mbili za kitanda bila taabu. Kamba wako katika beseni pana, la kina kifupi, ambalo maji hupitia yakitoka kwa mboga kabla hayajarudi kwa tilapia. Huko maji yameshasafishwa, na kamba huokota mabaki. Mchicha ndio unaorudisha pesa za chakula. Kamba ni faida juu ya faida. Wala usiwachanganye tilapia na kamba katika tangi moja, kwa kuwa kamba aliyejivua ganda ni laini na tilapia hatamwachia.

Ukitaka kuongeza sakafu bila kuongeza tangi, ning'iniza nyavu kuukuu za wavuvi ndani ya maji, zikiwa zimeloweshwa na kusuuzwa mpaka chumvi yote imetoka. Kamba hupanda na kukaa juu yake. Idadi itapanda kidogo, haitafika 300.

Na usiweke mnyama yeyote mpaka bakteria wamekaa kwenye kokoto. Hiyo huchukua kati ya wiki nne na sita katika joto la huku kwetu. Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati. Viwili vya kwanza vikisoma sufuri huku nitrati inapanda, ndipo ulete wageni.

*Assalaam aleikum Fundi. Nakaa Kuze, uani tuna kisima cha zamani. Maji yake twafulia tu, hatunywi. Mume wangu asema kamba ni viumbe vya chumvi hata hivyo, watayafurahia. Kweli? — Mama wa watoto wanne, Mji wa Kale*

Wa aleikum salaam, dada. Mume wako amesema nusu. Kamba wa maji baridi akishapita utoto huvumilia chumvi, hata kufikia gramu 10 kwa lita, wakati bahari yetu hapo nje ina kama 35. Atakayelia ni mboga. Letisi atakufa mwanzo. Sukuma wiki atadumaa. Mchicha utajikaza kiasi. Spinachi hii ya sokoni yenye bua jeupe nene ndiyo shujaa, kwa sababu ni jamaa moja na bitiruti na ukoo huo unastahimili chumvi.

Lakini kuna jambo ambalo watu hulisahau. Maji yakipaa, chumvi haipai. Majani yakivuta maji, chumvi hubaki. Kila jioni ukiongeza ndoo ya maji ya kisima kufidia yaliyopungua, umeongeza chumvi mpya juu ya ile ya zamani. Mwezi wa kwanza spinachi itakuwa nzuri, wa tatu ncha za majani zitaungua na utadhani ni ugonjwa. Kwa hivyo unaweza kuanza na maji ya kisima yaliyochanganywa, ila ya kuongezea lazima yawe matamu. Kipindi cha kaskazi, Januari na Februari, upepo na jua hunywa maji ya tangi kwa kasi kuliko wakati wowote, na ndipo mvua haipo na mfereji unakohoa. Weka akiba kabla.

Jambo la pili ni chokaa. Visima vya kisiwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yamebeba chokaa nyingi. Tazama birika lako ndani: kama kuna utando mweupe mgumu, hiyo ndiyo. Kamba anahitaji chokaa kiasi ili kujenga ganda, na kipimo kizuri ni kati ya miligramu 30 na 150 kwa lita. Yakizidi 300, ganda huanza kushika magamba ya chokaa na ukuaji unazorota. Peleka chupa ya maji maabara yakapimwe kabla ya kununua hata bomba moja. Waambie wakupimie chumvi, ugumu (yaani hiyo chokaa), pH (kipimo cha uchachu wa maji) na nitrati. Hiyo ya mwisho ni kwa sababu visima vya mjini viko karibu na vyoo vya shimo, na nitrati nyingi kwenye kisima mara nyingi ni habari ya choo cha jirani. Mboga za maji ya namna hiyo usizile mbichi kamwe.

Ushauri wangu kwako ni maji ya mvua. Masika yakianza, acha mvua ya kwanza ioshe paa na kumwagika, kisha ndiyo ukinge. Kama mabati ni mapya, subiri zaidi, kwa kuwa zinki inayooshwa kutoka kwenye bati jipya ni sumu kwa kamba. Maji ya mvua ni laini mno, hayana chokaa, basi changanya na kiasi kidogo cha yale ya kisima chako mpaka ugumu uingie katika kipimo nilichotaja. Hapo kisima chako kinakuwa baraka. Ya mfereji, yanayotoka Mzima, Baricho, Marere au Tiwi, yanafaa pia, ila yana klorini. Yaweke wazi katika pipa usiku kucha huku yakipuliziwa hewa. Ya mkokoteni muulize mwenye mkokoteni ameyachota wapi, kisha usimwamini, yapime.

*Sukuma zangu majani machanga ni ya manjano, mishipa pekee ndiyo kijani. Samaki wangu wazima, nitrati ipo. Kokoto nimeleta kutoka ufuo wa Bamburi. — Mwalimu, Bamburi*

Jibu liko katika sentensi yako ya mwisho, mwalimu. Kokoto za ufuoni ni matumbawe na makoa yaliyosagika. Mwagia siki juu ya kokoto chache. Zikitoa povu, ni chokaa, na zitaendelea kuyeyuka kidogo kidogo na kupandisha pH mpaka ipite 8. Katika pH hiyo madini ya chuma yapo majini lakini mmea hauwezi kuyachukua, ndiyo maana majani machanga huwa ya manjano kwanza. Badilisha kokoto, weka zile zisizochemka kwa siki, na uzioshe mpaka maji yatoke meupe. Wakati unasubiri, nunua kwenye duka la pembejeo madini ya chuma yaliyofungwa (chelated iron) ya kuyeyusha majini, yale yanayofanya maji yawe mekundu kidogo. Kamba watapenda pH ya 7 hadi 8.5, mboga zingependa 6 na ushei, kwa hivyo shikilia 7 na kila upande unung'unike kidogo.

*Fundi, vidukari walivamia sukuma wangu. Nimechemsha majani ya mwarobaini nikapulizia, dawa ya kienyeji isiyo na kemikali. Tilapia hawakudhurika, lakini kamba wote wamekufa ndani ya siku chache. Mwarobaini si dawa ya maradhi arobaini? — Kisauni*

Pole sana. Barua hii niliisoma mara mbili, kwa sababu nimeshasikia mfano wake kwa wengine, na kila mara maneno ni hayohayo: "lakini ni ya kienyeji".

Mwarobaini unaua wadudu kwa njia ya pekee. Kiini chake huvuruga homoni inayomwezesha mdudu kujivua ganda lake na kukua. Sasa mtazame kamba: ana miguu mingi yenye viungo, ana ganda la nje, na lazima ajivue ili akue. Kwa upande wa mwili wake, kamba yuko karibu na kidukari kuliko alivyo karibu na tilapia. Dawa yoyote iliyotengenezwa kumuua mdudu huku ikimwacha samaki itamtazama kamba imhesabu upande wa mdudu.

Na si mwarobaini peke yake. Dawa za pareto, na zile za viwandani zilizoigizwa kwa pareto, ndizo mbaya zaidi. Ziko katika makopo ya kupulizia mbu chumbani, katika koili za kufukizia jioni, katika maji ya kuogeshea mbwa kupe. Dirisha la chumba likiwa juu ya beseni la kamba na mtu akapulizia mbu saa mbili usiku, asubuhi utawakuta wamelala ubavu. Mwambie kila mtu nyumbani, na hasa mgeni. Chandarua ndicho dawa ya mbu kwa mwenye kamba. Mbu wa tangini hawana nafasi, kwani tilapia huwala wakiwa bado viluwiluwi.

Halafu shaba. Hapa nazungumza kama fundi bomba. Bomba za shaba, koki za shaba nyekundu, vali za zamani ambazo mafundi wenzangu huwauzia watu kuwa ni imara, zote weka mbali. Shaba kidogo ambayo samaki hataijua humuua kamba. Tumia plastiki kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, usiingie uani, na dawa za ukungu za mboga soma kibandiko: nyingi zina shaba ndani.

Vidukari utafanyaje basi? Waondoe kwa kidole na maji ya bomba, asubuhi, upande wa chini wa jani, kila siku kwa wiki moja. Majani yaliyojaa yakate uwape kuku. Funika kitanda kwa neti ya matundu madogo kabla hawajaja. Sabuni nayo usipulizie juu ya kitanda ambacho maji yake yanarudi kwa kamba. Na ukiona sukuma anawavuta kila msimu, mwache sukuma. Mchicha hauwavutii kiasi hicho, unakatwa wiki nne tu tangu kupandwa, na hakuna mtu wa Mombasa atakayeukataa.

*Kamba wangu mmoja ni jitu, ana makucha marefu ya bluu. Wengine wamebaki vijidogo ingawa waliingia siku moja. Na kila baada ya siku chache nakuta ganda tupu. Je, wanaugua? — Changamwe*

Hakuna ugonjwa hapo. Ganda tupu ni la kamba aliyejivua, liache, watalila wenyewe na kurudisha chokaa mwilini. Ila siku ya kujivua ndiyo siku ya hatari kwake: ni laini, hana silaha, na wenzake hawana huruma. Mpe mahali pa kujificha. Vipande vya bomba la plastiki, vigae vilivyovunjika, hata vifuu vya nazi vilivyokwisha kukaa juani na mvuani muda mrefu hata haviachi rangi kwenye maji.

Huyo jitu ni dume aliyetawala. Makucha yakishakuwa ya bluu hivyo, yeye mwenyewe hakui tena sana, kazi yake ni majike na kutisha. Madume yenye makucha ya rangi ya chungwa ndiyo yaliyo katika mwendo wa kukua, na vijidogo ni madume yaliyojikunyata. Mtoe mwenye bluu umle. Usimwonee huruma. Akiondoka, wale wa rangi ya chungwa watashindana, mmoja atachukua nafasi, na vijidogo vitaanza kunyoosha miili. Kwa hivyo kamba hawavunwi siku moja wote. Unavua wakubwa, unaacha, unarudi baada ya wiki chache. Kwa mtu wa uani hii ni nafuu, maana una kitoweo mara nyingi badala ya kilo zilizokosa friji.

Angalia pia chakula. Tembe za tilapia huelea, kamba anakaa chini, na wakati zinapolowa na kuzama zimeshaoza nusu. Tafuta chakula kinachozama, chenye protini ya kati ya 25 na 35 kwa mia, na uwape jioni kwani wao ni watu wa usiku. Mwenzako mmoja kaniuliza kuhusu machicha ya nazi. Kidogo sana, mara moja moja. Mafuta yanayobaki hutanda juu ya maji na kuoza, na yanapooza yanakula oksijeni ambayo kamba anaihitaji kuliko hayo machicha.

*Jike wangu alibeba mayai chini ya mkia, rangi ya chungwa, yakawa kijivu, kisha yakatoweka. Sioni mtoto hata mmoja. Nani kawala? — Likoni*

Hata kama hakuna aliyewala, hawangeishi. Hili liliwasumbua wataalamu miaka mingi. Kamba wakubwa walionekana mitoni, watoto hawakuonekana popote. Mwaka 1961 huko Penang, Malaysia, Shao-Wen Ling ndiye aliyegundua kwamba watoto wa kamba huyu mkubwa wa Asia lazima wapate maji yenye chumvi kiasi. Jike hubeba mayai kama wiki tatu, akiteremka na mto kuelekea mlangoni mwa mto, mahali maji matamu na bahari yanapokutana. Watoto hutotolewa wakiogelea kinyumenyume, tumbo juu. Hupitia hatua 11 kabla ya kupata umbo la kamba, ndipo hupanda mto. Wakikaa katika maji matamu matupu hufa baada ya siku chache. Kisha huko Hawaii Takuji Fujimura akatengeneza njia ya kuwalea kwa wingi, na ufugaji ukaenea.

Unaweza kujaribu? Maji tunayo. Kipimo kimoja cha maji ya bahari kwa viwili vya maji matamu hukupa karibu gramu 12 kwa lita, ambayo ndiyo wanayoitaka. Kinachoshinda watu wa nyumbani ni chakula chao, yaani vijidudu hai vidogo vya majini vinavyototolewa upya kila siku, pamoja na usafi wa tangi asubuhi na jioni kwa wiki tatu hadi tano bila kukosa. Mimi nanunua vifaranga. Kama wewe una subira na nafasi, na una mtu wa kukushikia zamu siku ya harusi au ya mazishi, jaribu.

*Mimi ni mvuvi, mkondo wa Tudor. Kamba hai nawapata kwenye mikoko kila bamvua. Kwa nini ninunue vifaranga? Na binamu yangu baharia asema ataniletea wale wa Asia katika chupa. — Tudor*

Kamba wa mikokoni ni wa baharini, ndugu yangu, jamaa moja na wale wa Ghuba ya Ungwana. Mboga zako zitakufa kwa chumvi anayoitaka yeye. Tofauti utaiona hivi: kamba wa maji baridi ana jozi moja ya miguu mirefu yenye makucha, mirefu kushinda mwili wakati mwingine, na jike hubeba mayai chini ya mkia. Wa baharini ana vikucha vidogo katika jozi tatu za mbele, na jike huyaachia mayai majini.

Binamu mwambie asithubutu. Kuingiza samaki au kamba hai nchini kunahitaji kibali chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, na sababu si ukali wa serikali tu. Yule wa Asia si wa mito yetu, anaweza kuja na maradhi, na siku ya mafuriko beseni lako humwagika mtaroni. Sisi wenyewe tuna kamba wa maji baridi wa asili, katika Mto Sabaki na Mto Tana. Ni wadogo kuliko wa Asia, lakini ni wa hapa. Nenda ofisi ya uvuvi ya kaunti ueleze unataka nini, wakwambie kibali gani na vifaranga vipi vinaruhusiwa. Na hapo Mkomani kuna makao makuu ya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi. Ukienda na maswali yaliyoandikwa hutarudi mikono mitupu.

*Stima ikipotea usiku nifanyeje? — wengi*

Pampu ndogo ya hewa yenye betri, iliyounganishwa ijiwashe yenyewe. Pampu ya maji inaweza kungoja, hewa haingoji. Ukiwaona kamba wamejipanga ukingoni au wanapanda juu ya bomba kutoka majini, oksijeni imekwisha. Hata siku ya kawaida wengine hupanda, kwa hivyo beseni lifunikwe kwa wavu usiku na mchana. Wavu huohuo utawazuia kunguru, ambao mji huu unawajua. Kunguru akigundua beseni lako atawaita na wenzake, na wasipopata kamba watang'oa miche ya mchicha kwa hasira tu. Kivuli cha makuti juu yake pia ni lazima. Maji yasipite nyuzi 32 wakati wa kaskazi, na yakiwa kati ya 28 na 31 ndipo kamba hukua vizuri zaidi.

*Nimevuna kamba wangu wa kwanza. Nimewapika wa nazi, wakawa ungaunga, kama viazi vilivyochemshwa kupita kiasi. Wa sokoni hawako hivyo. Nimekosea chumvi? — Mkomani*

Hukukosea jikoni, bi mkubwa, ulichelewa uani. Kichwani mwa kamba huyu kuna vimeng'enya vya kumeng'enyea chakula, na akifa vinaanza kuimeng'enya nyama yake mwenyewe. Akilala saa mbili katika sufuria kavu, tayari amelegea. Andaa ndoo ya barafu na maji kabla ya kuvua, iwe barafu nyingi kuliko maji. Mtoe tangini moja kwa moja mpaka kwenye ndoo, akipoa na kutulia mkate kichwa, umsuuze, arudi barafuni. Wapike siku hiyohiyo. Tui jepesi litangulie na nyanya, kitunguu, thomu na bizari, lichemke vizuri, kamba waingie mwisho kabisa na tui zito, dakika tatu nne, kisha zima moto. Vichwa usitupe, vichemshe pembeni uchuje, maji yake ndiyo ya kupikia wali.